Kinu cha Maji cha Cable, Cades Cove: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ninaishi Knoxville, Tennessee. Ndugu wakija kututembelea kutoka nyumbani, siku ya tatu au ya nne nawapakia kwenye gari tunaelekea milimani, na safari huishia Cades Cove, mbele ya kinu cha mzee Cable. Maswali ni yale yale kila mara. Nimeyaandika hapa na majibu yake ili anayekuja safari nyingine asome njiani, nami niendeshe kwa utulivu. Zile barabara zina kona.

Kinu hiki kiko wapi hasa?

Kiko ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Great Smoky Mountains, upande wa Tennessee. Cades Cove ni bonde tambarare lililozungukwa na milima pande zote, kimo cha mita 550 hivi juu ya usawa wa bahari. Chini ya udongo wake kuna mawe ya chokaa, ndiyo maana lina rutuba kuliko milima inayolizunguka. Barabara ya kulizunguka ni ya kwenda tu, hakuna kurudi nyuma, kilomita 18 kwa jumla, na kinu kiko karibu na nusu ya safari, upande wa magharibi.

Nani alikijenga, na lini?

John P. Cable, mkulima, miaka michache tu baada ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani. Wengi huandika 1868, wengine hukisogeza hadi mwanzoni mwa miaka ya 1870. Mimi sigombani na yeyote. Kinu cha maji hakikamiliki kwa siku moja: mwaka huu unachimba mfereji, mwaka ujao unapata mawe, na katikati mafuriko yanakurudisha ulikoanzia.

Wakati wenyewe unaeleza mengi. Vita vilikuwa vimeliacha bonde hoi. Wakazi wengi walikuwa upande wa Muungano, yaani serikali ya Kaskazini, na magenge ya upande wa Kusini yalikuwa yakivuka milima kutoka North Carolina kuja kuiba mifugo na chakula. Mtu anayejenga kinu baada ya hapo amekwishaamua kwamba watu watalima tena na watakuwa na cha kusaga.

Kabla ya Cable watu walisaga vipi?

Wa kwanza walitwanga. Waliokuwa hapa kabla ya Wazungu ni Wacherokee, na bonde walikuwa na jina lao, Tsiyahi, yaani mahali pa fisimaji. Mahindi waliyaita selu, na walikuwa na kanona: gogo la mti lililochimbwa shimo upande wa juu, na mchi mrefu wa mbao. Ukionyeshwa hutahitaji maelezo, ni kinu na mchi. Kuna tofauti moja tu inayowashangaza mama zetu: mchi wa Kicherokee mara nyingi ni mwembamba upande unaotwanga na mnene upande wa juu, ili uzito ushuke wenyewe. Dada yangu aliutazama, akasema, "Hawa walifikiri kuliko sisi."

Walowezi wa kwanza, John na Lurena Oliver, walifika 1818. Wao na wenzao walianza na vinu vidogo vya gurudumu la kulala. Gurudumu dogo la mbao linalala ndani ya maji kama sahani, mhimili wake unapanda moja kwa moja hadi kwenye jiwe la juu, hakuna meno wala gia. Gurudumu likizunguka mara moja, na jiwe limezunguka mara moja. Ni rahisi kujenga, ila kinasaga kwa mwendo wa konokono. Kimoja cha namna hiyo, cha Alfred Reagan, bado kipo ndani ya hifadhi hii hii, kwenye njia ya Roaring Fork.

Hiki kijito kidogo ndicho kilichosukuma gurudumu kubwa hivyo?

Hapana, na hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote. Mill Creek pekee haikutosha. Cable akatazama jirani, kwenye Forge Creek, akachimba njia ya kugeuza maji yake yaingie Mill Creek, kisha akayakinga kwa bwawa, akayapitisha kwenye mfereji wa udongo, na mwishoni kabisa kwenye mlizamu mrefu wa mbao unaoyafikisha juu ya gurudumu. Wageni hupiga picha ya gurudumu tu. Mimi huwaambia wageuke, waufuate mfereji kwa miguu hadi juu. Kazi iko huko. Gurudumu fundi hodari anaweza kulipiga kwa msimu mmoja. Lakini mfereji ukiuchimba na mteremko mkali mno unakula kingo zake, ukiulaza mno unajaa mchanga, na kila mvua kubwa lazima mtu ashuke na jembe.

Hata kwa ujanja huo wote, miezi ya ukame maji yalipungua, na wateja wengi walipenda kuleta nafaka majira ya kuchipua, mito ikiwa imejaa.

Kinafanyaje kazi?

Anza nje. Maji yanatoka kwenye mlizamu na kudondokea ndani ya ndoo za gurudumu. Ndoo hizo ni visanduku vya mbao vilivyopangwa kuzunguka ukingo wote. Upande mmoja wa gurudumu unajaa maji, mwingine umemwaga, kwa hiyo upande mzito unashuka. Kinachosukuma hapo ni uzito kuliko kasi. Lita 100 za maji kwa sekunde, zikishuka mita 3, zina nguvu inayokaribia kilowati 3 kabla ya kupunguza kinachopotea njiani. Si nyingi. Mashine ya kusaga ya mtaani kwenu ina mota kubwa zaidi ya hapo.

Mhimili wa gurudumu unaingia ndani ya jengo, chini ya sakafu. Huko kuna gia, na kazi yake ni kubadilisha mambo mawili: mwelekeo, kwa sababu gurudumu limesimama na jiwe limelala, na kasi, kwa sababu gurudumu la nje linakwenda taratibu kiasi kwamba mtoto anaweza kulihesabu, ilhali jiwe la juu la kinu cha namna hii hutakiwa kuzunguka mara mia au zaidi kwa dakika.

Panda sasa kwenye sakafu ya kusagia. Kuna mawe mawili. La chini limetulia, halisogei kamwe. La juu linazunguka. Ukiwauliza bibi zetu wa jiwe la mkono watakuambia kitu kilekile: mama amelala, mtoto anatembea. Juu ya mawe kuna hopa, ile sanduku ya kumiminia punje, kama ya mashine za kwetu. Chini ya hopa kuna kijiko kipana cha mbao kilichoinama, na kijiti kinachozunguka pamoja na jiwe kinakigonga kijiko hicho tak-tak-tak, punje zinadondoka chache chache kwenye tundu la katikati ya jiwe la juu. Jiwe likienda kasi, kijiti kinagonga kasi, punje zinashuka nyingi. Likipunguza mwendo, nazo zinapungua. Kinajirekebisha chenyewe bila mtu.

Mlio huo wa tak-tak ndio saa ya msagaji. Ukibadilika anajua kuna jambo. Hopa ikiwa tupu mawe yanaanza kusuguana jiwe kwa jiwe, na hapo unaharibu makali ya mawe, na cheche zinaweza kutoka, ndani ya jengo la mbao lililojaa vumbi la unga.

Msagaji anasimama pale unga unapotokea. Anauchukua kidogo, anausugua kwa dole gumba na kidole cha shahada. Ukiwa na chenga, anashusha jiwe la juu kwa unywele. Ukiwa wa moto, analiinua, maana unga ulioungua kwenye mawe unanuka na hauliki vizuri.

Mbona maji yanamwagwa juu? Si rahisi kuliweka gurudumu mtoni lisukumwe na mkondo?

Ni rahisi, ila unapoteza nguvu. Mhandisi Mwingereza John Smeaton alipima jambo hili kwa magurudumu madogo ya majaribio na kutoa matokeo mwaka 1759: gurudumu linalopokea maji kwa juu linapata takriban mara mbili ya kazi ya lile linalosukumwa kwa chini, kwa maji yale yale. Mwenye mto mkubwa anaweza kupuuza hesabu hiyo. Cable alikuwa na vijito viwili vya kuokoteza.

Watu walilipa shilingi ngapi kusaga?

Mara nyingi hawakutoa fedha yoyote. Desturi ya milimani ilikuwa msagaji kuchukua sehemu ya nane. Mteja alileta busheli ya mahindi yaliyopukuchuliwa, yaani kilo 25 na ushei, pungufu kidogo ya madebe mawili kwa ujazo. Busheli ina galoni 8 za nafaka, kwa hiyo msagaji alichota galoni moja, kama kilo 3, tuseme pishi moja na ushei, akaimimina kwenye sanduku lake. Hakuna kupima mara ya pili, hakuna deni la kuandika.

Mfumo huo unahitaji uaminifu, maana kipimo kiko mkononi mwa anayelipwa. Ndiyo sababu wasagaji wa nchi nyingi walisemwa sana, na ndiyo sababu pia msagaji mwaminifu alikuwa mtu wa kuheshimiwa kijijini.

Na msagaji akiwa hayupo?

Kulikuwa na kengele kubwa kando ya kinu. Cable alikuwa na mashamba yake. Hangeweza kukaa kutwa akisubiri mtu mmoja na mfuko mmoja. Mteja akifika anaivuta kengele, mzee anaacha jembe na kuja.

Unga wake ni sembe au dona?

Dona. Hakuna kukoboa. Punje inaingia nzima, kiini na ganda, na mteja akitaka anachekecha nyumbani.

Shangazi yangu wa Makete alipokuja, mtumishi wa hifadhi alimruhusu kushika unga pale unapomwagika. Aliubana kwenye kiganja, akaufungua, akauangalia kama umeshikana, akaunusa. "Mahindi haya yamekauka vizuri," akaniambia, "lakini jiwe wameliinua mno, ugali wake utakuwa na chenga." Nilimtafsiria yule bwana. Akacheka, akakiri kwamba siku hiyo walikuwa wanasaga nene makusudi, kwa mkate wa mahindi. Huku unga mwembamba kama wetu hawautaki sana. Wao hupika mkate mgumu kidogo kwenye kikaango cha chuma, au uji mzito ambao shangazi aliukataa kuuita ugali.

Kuna upande wa pili wa habari ya dona ambao haufurahishi. Unga wenye kiini una mafuta, kwa hiyo unachacha upesi. Familia za bondeni zilisaga kidogo kidogo kwa sababu hiyo. Viwanda vikubwa vilipoanza kutoa kiini ili unga ukae dukani miezi, mwanzoni mwa karne ya 20, maskini wa Kusini mwa Marekani walioishi kwa mahindi karibu matupu waliugua pelagra kwa maelfu: ngozi kubabuka, kuhara, akili kuvurugika. Daktari Joseph Goldberger wa serikali, aliyeanza kuichunguza 1914, alionyesha kwamba chanzo ni chakula na si vijidudu. Baadaye ikajulikana kinachokosekana ni niasini, moja ya vitamini. Na hapa Wacherokee walikuwa mbele tena: walichemsha mahindi yao kwa maji ya majivu, jambo linaloifungua niasini iliyofungwa ndani ya punje. Walowezi wengi walichukua mahindi ya wenyeji wakaacha majivu jikoni kwao.

Kilisaga unga tu?

La. Maji yale yale yaliendesha msumeno wa kupasulia mbao. Hii ilibadilisha sura ya bonde kuliko unga, kwa maoni yangu. Kabla yake nyumba ni za magogo. Mwaka 1879 Leason Gregg alijenga nyumba ya mbao zilizopasuliwa tupu, ya kwanza ya namna hiyo hapa bondeni, na mbao zilitoka kwa Cable. Ndiyo ile nyumba ya mbao iliyo karibu na kinu. Baadaye watoto wa Cable, Rebecca na Dan, waliinunua. Rebecca, anayejulikana na wote kama Shangazi Becky, aliendesha duka, akapokea wageni wa kulala, akafuga ng'ombe, akalea watoto wa kaka yake, hakuolewa, akafariki 1940 akiwa na miaka 96. Wageni wakisoma habari zake husahau kinu.

Mawe hayachakai?

Yanachakaa. Uso wa jiwe una mifereji midogo inayotoka katikati kwenda ukingoni. Ndiyo inayokata punje na kuutoa unga nje. Ikiisha makali jiwe la juu linainuliwa, linapinduliwa, na fundi analala kifudifudi juu yake siku nzima akiichonga upya kwa nyundo yenye ncha.

Basi watu wote wa bonde hili wako wapi?

Waliondolewa. Tafadhali soma jibu hili hata ukiruka mengine.

Wacherokee kwanza. Mkataba wa 1819 uliichukua ardhi hii mikononi mwao, na mwaka 1838 jeshi liliwakusanya wengi wa taifa lao na kuwapeleka kwa nguvu magharibi, safari iliyoua maelfu. Waliobaki milimani ndio mababu wa Wacherokee wa Mashariki, ambao wapo hadi leo upande wa North Carolina, mwendo mfupi tu kutoka mpaka wa hifadhi.

Kisha wajukuu wa walowezi. Katika miaka ya 1920 Tennessee na North Carolina ziliamua kununua ardhi ya kuunda hifadhi ya taifa, na mwaka 1928 tajiri John D. Rockefeller Mdogo alichangia dola milioni 5 kwa kumbukumbu ya mama yake. Sehemu kubwa ya eneo ilikuwa ya kampuni za magogo, lakini ndani yake kulikuwa na wakulima pia, na watu wa Cades Cove walikuwa wameambiwa hawatahamishwa. Walihamishwa. John W. Oliver, wa ukoo wa wale waliofika 1818, alipigana mahakamani miaka kadhaa hadi Mahakama Kuu ya jimbo. Alishindwa kubaki, alichopata ni nyongeza ya fidia, na mwishoni mwa 1937 akaondoka. Hifadhi ilikuwa imekwishaanzishwa, 1934. Wachache waliruhusiwa kuishi kwa mkataba hadi kufa kwao. Wa mwisho, mfuga nyuki Kermit Caughron, alifariki 1999.

Wageni kutoka Tanzania wakisikia haya hunyamaza kidogo. Kuhamishwa kupisha hifadhi si habari ngeni masikioni mwetu.

Kwa hiyo majengo haya yote ni ya hapa hapa?

Kinu ndicho kilichosimama mahali pake. Majengo kadhaa yanayokizunguka, ikiwemo nyumba ya Becky, yaliletwa kutoka sehemu nyingine za bonde au za hifadhi. Na kuna jambo ambalo picha haikuonyeshi: wakati hifadhi inapangwa, nyumba za kisasa za miaka ya 1920, zenye mbao zilizopakwa rangi, zilibomolewa, na vibanda vya magogo vikahifadhiwa. Mgeni anaondoka akiamini watu hawa waliishi kama mababu zao mpaka siku ya mwisho. Haikuwa hivyo, kulikuwa na magari, simu na maduka. Kinu chenyewe kilikarabatiwa miaka ya 1930 na vijana wa mpango wa ajira wa serikali ya Roosevelt, na sehemu za mbao zimebadilishwa tena tangu hapo, maana gurudumu linaloloa na kukauka kila siku haliwezi kudumu.

Ndicho kikubwa kuliko vyote hapa milimani?

Hapana. Kinu cha Mingus, upande wa North Carolina, ni kikubwa zaidi. Kilijengwa 1886 na fundi Sion Thomas Early kwa dola 600, na watu hufika wakitafuta gurudumu wasilione: kinatumia tabo ya chuma, yaani gurudumu dogo la kuzungushwa na maji, iliyojificha chini. Kifundi kimemzidi Cable. Kwa picha hakimfikii.

Je, kwetu Afrika Mashariki vinu vya maji vilikuwepo?

Vilikuwepo. Katika nyanda za juu za Kenya ya kati, kati ya vita viwili vya dunia, Wakikuyu wenye mtaji walijenga vinu vya maji vya kusaga posho kwenye mito yao, mpaka mashine za dizeli zikavipokonya kazi. Pwani, ambako mito mikali haipo, kinu kilizungushwa na ngamia, na kilichokamuliwa kilikuwa ufuta.

Kiingilio ni bei gani, na niende lini?

Kiingilio hakuna. Tangu Machi 2023 unalipia kuegesha gari likikaa zaidi ya dakika 15, dola 5 kwa siku. Oktoba majani yanageuka rangi na foleni ya magari inaweza kukumalizia siku nzima. Nenda asubuhi mapema. Kusaga kwenyewe hufanyika kwa msimu, si kila siku, kwa hiyo uliza kwanza kama unataka kusikia ile tak-tak.

Miaka ya karibuni, Jumatano za miezi ya joto barabara hufungwa kwa magari, wanapita waenda kwa miguu na baiskeli tu. Nilimwambia shangazi tungeweza kwenda siku hiyo, kilomita 18, hewa safi. Aliniuliza kama nimemleta Marekani kutembea.